Ngozi Inayobanduka Viganjani na Nyayoni (Sehemu ya Pili): Tyubu Moja kwa Magonjwa Mengi

Sehemu iliyotangulia ilieleza jinsi tabaka la juu la ngozi linavyojijenga na kupukutika kila siku bila sisi kuliona. Ilionyesha pia kwamba ngozi inayobanduka kwa mapande, mwezi baada ya mwezi, ni dalili tu, na chanzo chake chaweza kuwa magonjwa kadhaa yasiyohusiana. Leo nina hoja moja ya kuitetea. Mara nyingi tatizo hili hudumu miaka kwa sababu mgonjwa hupewa dawa kabla ya kujulikana anaugua nini, na dawa yenyewe huuficha ugonjwa. Dawa ninayoizungumzia inapatikana kwa urahisi katika maduka yetu ya dawa: krimu ya mchanganyiko, ambayo ndani ya tyubu moja ina steroidi kali kama klobetasoli, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria. Anayeiuza huona amefunga milango yote kwa mara moja. Anayeipaka hupata nafuu ndani ya siku chache, akaamini amepona.

Nafuu hiyo ni ya kweli, na ndiyo maana ni vigumu kumshawishi mtu aiache. Lakini tuangalie inatoka wapi. Steroidi hutuliza uvimbe na muwasho, yaani hupunguza nguvu ya kinga ya mwili mahali ilipopakwa. Kama ugonjwa ni ukurutu, ambao wengi huuita pumu ya ngozi, hilo ndilo linalotakiwa, kwa sababu katika ukurutu kinga yenyewe ndiyo imepandisha hasira. Kama ugonjwa ni fangasi, mambo ni kinyume. Trichophyton rubrum, fangasi anayeongoza kwa kushambulia nyayo na viganja, ni kiumbe hai kinachokula protini ngumu ya ngozi na kucha, na kinga ndiyo inayomzuia asienee. Kinga ikilazwa, muwasho hukoma, wekundu hufifia, na fangasi huendelea kutanuka kimyakimya. Mwaka 1968 madaktari wawili nchini Uingereza, Ive na Marks, walieleza wagonjwa wa namna hii, ambao fangasi wao alikuwa amebadilishwa sura na steroidi hata hakutambulika tena kwa macho. Kusema kwamba tyubu hiyo ina dawa ya fangasi pia hakutoshi kuitetea: mgonjwa huacha kupaka muwasho unapoisha, kabla dawa hiyo haijamaliza kazi yake. Akirudia miezi mingi, ngozi hukonda, hasa mgongo wa mkono, ikawa rahisi kuchanika.

Basi ugonjwa utajulikanaje? Kanuni ya kwanza haina gharama yoyote: anayelalamikia mkono avue viatu. Fangasi wa mkono mara nyingi hutoka miguuni, na sura yake maarufu ni miguu yote miwili na mkono mmoja tu, ule anaoutumia kujikuna. Kati ya kidole cha nne na cha tano cha mguu ngozi huwa nyeupe, imelowana na inanuka. Kwenye unyayo huwa kavu, yenye unga unga uliojaa mistari ya kiganja au wayo. Ukurutu kwa kawaida hushika mikono yote miwili, huwasha sana, hulegea likizoni na kurudi kazini, na wakati mwingine hutanguliwa na vipele vidogo vya maji pembeni mwa vidole. Kuna hali nyingine isiyowasha kabisa, ambamo ngozi ya kiganja hujiinua kwa viduara vikavu na kubanduka, hasa wakati wa joto na jasho. Hiyo haina madhara, na steroidi haiisaidii hata kidogo. Soriasisi huacha mabaka manene yenye mipaka dhahiri, na huonekana pia viwikoni na kichwani. Na madoa ya viganjani na nyayoni yasiyowasha, yenye ukingo unaobanduka, yadai kipimo cha damu cha kaswende kabla ya krimu yoyote.

Palipo na shaka, kipimo kipo. Mhudumu hukwangua unga wa ngozi, akauweka kwenye kioo, akadondoshea potasiamu haidroksaidi inayoyeyusha seli, kisha akatafuta nyuzi za fangasi kwa hadubini, ileile inayotumika kutafuta vimelea vya malaria. Atanijibu msomaji kwamba zahanati ya kwao haina mtu wa kufanya hivyo, na pengine ni kweli. Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichoko hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, kimekuwa kikiwafunza wahudumu kutoka nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1992, lakini waliofunzwa hawawezi kuwa kila mahali. Hata hivyo ukosefu wa maabara hauhalalishi mchanganyiko. Dalili za miguuni zikielekea fangasi, mgonjwa apewe dawa ya fangasi peke yake: terbinafini kwa wiki moja au mbili, au klotrimazoli kwa wiki nne na zaidi. Ikishindwa, tumejifunza jambo, kwa sababu tulijaribu kitu kimoja. Fangasi aliyetapakaa unyayo mzima au aliyeingia kwenye kucha kwa kawaida huhitaji vidonge, na hivyo viandikwe na daktari.

Kwa upande wa ukurutu, nitakaa kidogo kwenye maji, maana hapa ndipo kazi zetu zilipo. Mfikirie tabaka la juu kama ukuta: seli zilizokufa ni matofali, na mafuta yaliyo katikati yake ndiyo udongo unaoyashika. Viganja na nyayo havina tezi za kutoa mafuta ya juu, kwa hiyo sabuni inayouondoa udongo huo haikuti cha kuipinga. Sabuni ya kipande ina pH ya 9 hadi 10, ilhali uso wa ngozi uko karibu na 5. Nchini Ujerumani, kanuni za usalama kazini huhesabu kuwa ni kazi ya maji mikono inapokaa majini zaidi ya saa mbili kwa siku. Mama lishe, dobi, muuguzi na msusi hupita hapo kabla ya adhuhuri. Fundi ujenzi ana mzigo wa ziada: saruji mbichi ina pH inayozidi 12 na mara nyingi ina kromiamu inayozua mzio. Denmark ilianza mwaka 1981 kuchanganya saruji na salfeti ya chuma ili kuivunja nguvu kromiamu hiyo, na mzio huo ukapungua kwa mafundi. Umoja wa Ulaya ukafuata kwa sheria mwaka 2005. Hatua hizo ziliikinga mikono ya mafundi, na hakuna krimu iliyowahi kufanya hivyo.

Ndiyo maana naona vazelini ya bei ndogo ina haki ya kutangulia tyubu. Ipakwe mara baada ya kunawa, ngozi ikiwa bado na unyevu, na kwa wingi usiku. Glavu za mpira zivaliwe juu ya glavu za pamba, zivuliwe zikianza kulowa jasho. Kwa muuguzi ambaye mikono yake haina uchafu wa kuonekana, kitakasa mikono chenye kilevi huumiza ukuta huo kidogo sana kuliko inavyodhaniwa. Kinachoma kwa sababu ngozi imekwisha kupasuka. Wapo wasemao mafuta humlisha fangasi. Wana haki kuhusu nafasi za katikati ya vidole vya miguu, ambazo zabidi zibaki kavu, lakini si kuhusu kiganja chenye ukurutu. Na steroidi kali ina nafasi yake hapo, kwa wiki chache, kwa kipimo cha daktari, chini ya mafuta hayo na si badala yake.

Imani ya kwamba ngozi hubanduka hivi kwa upungufu wa vitamini yahitaji jibu fupi. Pelagra, inayotokana na ukosefu wa niasini, hubandua ngozi iliyopigwa na jua, yaani mgongo wa mkono na shingo, huku kiganja kikisalimika. Mwenye kisukari ajali jambo jingine: magaga yake yanaweza kupasuka bila yeye kuhisi, na mpasuko mmoja huingiza bakteria hadi ndani ya mguu. Asiyakwangue kwa wembe wala jiwe. Ayalainishe kwa krimu ya urea, aikague miguu kila jioni, na akiona ufa wenye damu au usaha aende hospitali siku hiyohiyo.