Wakala na Mkaguzi wa Nyumba



Kila mwaka kurasa hizi hujaa mashairi, ngano na barua za mapenzi zisizo na mwenyewe. Mimi leo nimeamua kuwaletea habari za nyumba. Si nyumba za hadithini, la. Ni zile za kununuliwa kwa jasho, kwa mkopo wa benki au wa chama cha akiba, ambazo mzazi hulipia mpaka nywele zikaingia mvi. Nataka nieleze kazi ya mkaguzi wa nyumba, na hasa mkaguzi wa namna gani anayetakiwa na wakala, au ajenti kama tunavyomwita huku mitaani.

Kwanza tuwatenganishe watu hawa, maana wengi huwachanganya. Wakala ni yule anayemtafutia mwenye nyumba mnunuzi. Hapa Kenya kuna sheria ya mwaka 1984, Sura ya 533, iliyounda bodi ya kuwasajili mawakala, na asiyesajiliwa akiifanya kazi hiyo huwa anavunja sheria, ingawa mabroka wa kutembea na simu tu tunawaona kila siku. Wakala hulipwa asilimia fulani ya bei nyumba inapouzwa. Isipouzwa, ametembea bure. Mthamini naye hukadiria bei, na benki haitoi mkopo kabla hajaipita nyumba hiyo. Mkaguzi hana haja na bei. Yeye anataka kujua kama paa linavuja, kama msingi umetulia, kama nyaya za stima zitaunguza watoto. Kwetu kazi hii aghalabu hufanywa na mhandisi au mpimaji wa majengo anayeitwa siku moja akalipwa akaenda. Kule Marekani ni kazi kamili: chama chao cha American Society of Home Inspectors kilianzishwa mwaka 1976, na leo majimbo mengi hayaruhusu kukagua bila leseni.

Sasa utaniuliza, ati wakala anayengoja asilimia yake atamtakaje mtu anayeweza kumfukuzia mnunuzi? Swali zuri hilo. Kusema kweli wapo wasiomtaka kabisa, na wapo wanaomtaka "mpole", yaani yule anayezunguka nyumba nusu saa, anagonga ukuta mara mbili, halafu anaandika kwamba kila kitu ni shwari. Wamarekani wenyewe wamelijua tatizo hili, na ndiyo sababu maadili ya chama nilichokitaja yanamkataza mkaguzi kumlipa wakala ili aletewe wateja, na yanamkataza pia kukubali malipo yanayotegemea kama nyumba itauzwa au la. Lakini wakala mwenye akili hamtaki mpole. Sababu yake iko katika kesi moja ambayo mimi naiona ni tamu kuliko riwaya.

Mwaka 1976, mahali paitwapo Diablo katika jimbo la California, mtu alinunua nyumba kwa dola 170,000. Haukupita muda mrefu ardhi ikaanza kuteremka. Kumbe sehemu ya kiwanja ilikuwa imejazwa udongo usioshindiliwa sawasawa, na wauzaji walijua kwamba ulikwisha kuporomoka hapo awali lakini wakanyamaza. Mawakala hawakuambiwa. Hata hivyo, walikuwa wameona sakafu isiyo sawa, na wavu uliotandazwa mtelemkoni kuzuia udongo. Waliona, wakapita. Mahakama ya rufani iliamua mwaka 1984 kwamba kutoambiwa hakukuwaokoa: wakala anapaswa kuitazama nyumba kwa makini ya kutosha na kumweleza mnunuzi dosari anazoweza kuzigundua. Mwaka uliofuata jimbo hilo likaliandika jambo hilo katika sheria zake. Tangu hapo wakala wa California anajua kuwa kasoro iliyofichika leo inaweza kumfuata mahakamani kesho, baada ya asilimia yake kuliwa ikaisha. Mkaguzi mkali ni kinga yake.

Hapa kwetu mambo ni tofauti kidogo, kwa sababu mnunuzi ndiye anayetakiwa kujihadhari mwenyewe. Akishatia sahihi na kulipa ile asilimia 10 ya kwanza, kurudi nyuma ni shida tupu. Kwa hiyo ukaguzi unapaswa kufanywa kabla ya sahihi, si baada yake. Lakini wakala wa Nairobi au Nakuru naye anaishi kwa jina lake. Mnunuzi aliyeumwa hamleti ndugu yake.

Basi huyo mkaguzi mzuri ni yupi? Kwangu mimi jambo kubwa kuliko yote ni ulimi wake. Chukua mfano wa ufa ukutani. Karibu kila nyumba ya mawe ina nyufa. Kuna ule mwembamba kama unywele, usiozidi milimita 1, unaotokea plasta inapokauka. Huo ni kazi ya rangi na brashi. Halafu kuna ule unaoanzia kona ya dirisha ukapanda mshazari kama ngazi, ukifuata maungio ya mawe, mpana juu na mwembamba chini, au kinyume chake. Ukizidi milimita 5 na mlango wa hapo karibu ukakataa kufungika, jua kuna upande wa msingi unaokwenda zake. Embakasi, Kitengela na Athi River kuna ule udongo mweusi ambao mvua ikinyesha hufura na jua likiwaka hunywea. Fundi asiyeuchimba na kuutoa, akajenga juu yake tu, nyumba hupanda na kushuka kila msimu kama mtu anayepumua. Ni mawe, jamani! Hayawezi kupumua bila kupasuka.

Mkaguzi mbaya wa aina ya kwanza haoni tofauti kwa sababu hataki kuiona. Mbaya wa aina ya pili anaiona hata pasipokuwa na kitu: anapiga kelele "Ufa! Ufa!" mbele ya mama mwenye nyumba na mnunuzi, mnunuzi anakimbia, nyumba nzuri inakosa mtu kwa ajili ya plasta ya shilingi chache. Mawakala wanawaogopa hawa wa pili kupita kiasi, na hapo nawaelewa. Anayetakiwa ni yule anayesema: huu ni mdogo, huu ni mkubwa, na huu mkubwa mwite mhandisi wa miundo aupime kabla hujatoa pesa. Aseme kwa sauti ile ile moja, awepo wakala au asiwepo.

Pia ajue mpaka wake. Asimwambie mnunuzi "usinunue", wala "bei hii ni wizi". Hiyo si kazi yake. Wala asiseme kwamba binamu yake ni fundi hodari wa mabati na anaweza kuanza Jumatatu. Aandike alichokiona, apige picha, na ripoti itoke upesi, siku moja au mbili hivi, kwa maneno ambayo mwalimu wa shule ya msingi na mwenye duka wataelewa. Ripoti ya kurasa 60 iliyojaa maneno ya chuoni humfaa nani?

Juu ya hayo apande. Naam, apande! Ni ajabu jinsi paa linavyokaguliwa kutoka chini, mikono mifukoni. Ndani ya dari ndimo zilimo siri: mbao zilizoliwa na mchwa, alama za maji ya mvua ya mwaka jana, waya ulioungwa kwa kamba ya nailoni. Vilevile afungue mifereji yote kwa pamoja aone maji yanakwenda wapi, na aulize shimo la maji taka liko umbali gani na kisima. Huko Pwani aangalie vyuma ndani ya zege, kwa maana chumvi huvila, na kutu ikivimba hulipasua zege kutoka ndani.

Mtu asidhani ninatia chumvi ninaposema haya ni mambo ya uhai. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha kwa nguvu, jumba la ghorofa 6 liliporomoka Huruma, Nairobi, karibu na mto. Watu wapatao 50 walikufa. Jumba hilo lilikuwa tayari limeorodheshwa kubomolewa, lakini vyumba vilikuwa vimejaa wapangaji. Wao hawakununua chochote. Walilipa kodi tu, na hakuna aliyewaonyesha karatasi ya mkaguzi wala aliyedhani wanastahili kuiona. Kwa maoni yangu wakala anayekodisha anamhitaji mkaguzi sawa na yule anayeuza, pengine hata zaidi, kwa sababu mpangaji hana fedha za kumleta wake.

Na hapo linakuja swali la nani amteue. Wakala akimleta rafiki yake mmoja, mnunuzi atashuku, na ana haki. Njia iliyo safi zaidi ni wakala kutoa majina matatu au manne ya watu waliosajiliwa, kisha mnunuzi achague na alipe mwenyewe. Hapo ripoti huwa ni mali ya mnunuzi, na wakala huisoma kwa ruhusa yake.

Jambo la mwisho ni majira. Mawakala hupenda kuonyesha nyumba mwezi wa Januari, ua ukiwa mkavu na kuta zinang'aa kwa rangi mpya. Mkaguzi mjuzi akiitwa Januari huinama, akatazama ukuta kwa nje, sentimita 30 hivi kutoka ardhini, mahali ambapo rangi mpya huanza kufura. Kama anaweza kungoja, basi huomba arudi Aprili, siku ya mvua, akiwa na gambuti na tochi.