Gasketi ya Manifoldi Ikichakaa

Mkulima wa skimu unayepeleka kabichi na viazi Kawangware kwa Land-Rover ya zamani, maneno haya yanakuhusu. Land-Rover za Series II zilianza kutengenezwa mwaka 1958, za IIA mwaka 1961, na Series III mwaka 1971 mpaka 1985. Hata ile iliyo changa kabisa kati yao ni mzee sasa. Ni gari la nguvu, lakini limo ndani yake kipande chembamba ambacho wenye magari hukisahau mpaka kiwaletee hasara.

Mwaka jana nilipewa nafasi katika gari la mkulima mmoja wa Kinangop. Tuliondoka alfajiri, na kwa ajili ya baridi tukafunga madirisha yote. Tulipofika Kinale penye ukungu kichwa kilikuwa kikiniuma. Mtoto wake, aliyekaa kati yetu, alikuwa amelala usingizi mzito, na tulipomwamsha akatapika. Baba yake alidhani ni safari tu. Sivyo. Moshi ulikuwa ukitoka ubavuni mwa injini na kuingia kwa matundu ya sakafu. Tulisimama, tukamtoa mtoto kwenye hewa safi, kisha tukampeleka hospitali, akapona. Moshi wa petroli una gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, nayo huua mtu akiwa usingizini. Basi ukisikia harufu ya moshi ndani ya gari, usiseme nitatengeneza baada ya mavuno.

Manifoldi ni nini? Ni mabomba mawili ya chuma yaliyofungwa ubavuni mwa kichwa cha injini. Moja huleta hewa na petroli kutoka kabureta, jingine hutoa moshi kwenda ekzosi. Katika injini ya petroli ya lita 2.25 yenye silinda 4, mabomba hayo yako upande mmoja, tena yameshikana. Kati yake na kichwa cha injini ndipo gasketi ilipo, kuziba nafasi ndogo ambazo chuma juu ya chuma hakiwezi kuziba. Iko gasketi nyingine ndogo pale mabomba yenyewe yanaposhikana. Hiyo usiisahau unapokwenda kununua.

Gasketi ikipasuka upande wa moshi, utasikia tak-tak-tak asubuhi injini ikiwa baridi. Ikipata moto chuma hutanuka na sauti hupungua, ndiyo maana watu hudanganyika wakadhani gari limepona. Tazama pia alama nyeusi ya masizi kwenye maungio.

Ikivuja upande wa hewa, dalili ni nyingine. Injini hutetemeka gari likisimama, husikika sauti ya kufyonza, na kabureta hupiga chafya. Hewa ya ziada huingia, mchanganyiko wa petroli unakuwa hafifu, na valvu zaweza kuungua. Watu wengi hapo huanza kuzungusha skrubu za kabureta. Hawaponyi kitu, na petroli huisha upesi. Ili kujua hakika, washa injini ikiwa baridi, kisha dondosha maji ya sabuni kwenye maungio. Mlio ukibadilika, umepata mahali penyewe. Usitumie petroli kwa jaribio hili, kwani bomba la moshi liko papo hapo, na gari litawaka.

Kando ya barabara za Kibera na Kawangware wako mafundi wa jua kali wenye mkono mzuri. Utamwona fundi ameweka karatasi ya gasketi juu ya chuma, akaigonga polepole kwa nyundo ya kichwa cha mviringo mpaka kingo zikaikata sawasawa. Kazi hiyo yafaa kwa kifuniko cha pampu ya maji. Kwa manifoldi haifai, maana karatasi ya kawaida huungua. Nunua gasketi yenyewe, kwa mfano katika maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, iliyokuwa ikiitwa Grogan Road. Mwambie mwenye duka kwamba injini yako ni ya petroli au ya dizeli, na ulinganishe gasketi mpya na ya zamani, tundu kwa tundu.

Kama utafanya kazi mwenyewe, acha injini ipoe usiku kucha na ufungue waya wa betri. Nati zitie mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake. Stadi ikikatika ndani ya kichwa cha injini, mwachie fundi. Bomba la petroli lizibe. Gasketi za zamani huenda zina asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Kwa hiyo ilowanishe kwanza, uikwangue polepole, wala usiipige brashi ikiwa kavu. Matundu ya injini yajaze vitambaa ili uchafu usiingie, na usisahau kuvitoa.

Kisha weka rula ya chuma juu ya uso wa manifoldi. Ukiona mwanga chini yake, manifoldi imepinda, na gasketi mpya haitadumu mpaka isawazishwe kwa mashine. Wengi huruka hapa, kisha hulaumu duka.

Unaporudisha, legeza kwanza bolti zinazoshika mabomba mawili pamoja, ili kila moja likae sawa juu ya kichwa cha injini. Kaza nati kidogo kidogo, ukianzia katikati kuelekea kando, ndipo ukaze bolti zile. Washa injini mpaka ipate moto, izime, iache ipoe kabisa, halafu kaza nati mara ya pili. Asubuhi ya pili fungua boneti, washa, usikilize kama tak-tak ingalipo.