Bahari ilivyoniulia simu, kompyuta ikanionyesha muuaji!

Msomaji wangu, wiki hii sina stori ya mapenzi wala ya disko. Nina msiba.

Jumapili nilikuwa Coco Beach na washikaji, mihogo tumeshaimaliza, simu iko mfuko wa shati. Nikainama kunawa mikono baharini... chubwi! Nikaiopoa fasta, nikaifuta, nikaiwasha. Ikawaka! Nikaizima, nikaiwasha tena, roho kwatu. Nusu saa baadaye ikanyamaza moja kwa moja.

Ndani yake kulikuwa na sauti ya marehemu bibi akinisimulia alivyokutana na babu. Sikuwa na nakala nyingine.

Fundi wa Kariakoo aliifungua akatikisa kichwa. "Bro, ingekuwa maji ya bomba ningekupa pole. Haya ya bahari nakupa rambirambi."

Sikuridhika. Maji si maji tu jamani? Nikamfuata binamu yangu anayesoma kemia chuo kikuu. Akafungua laptopu. "Kaka, njoo uone."

Kwenye skrini vidude vyekundu na vyeupe vilikuwa vinajirusha kama watu wa disko. Kila kimoja ni molekuli ya maji: oksijeni moja katikati, haidrojeni mbili juu kama masikio ya sungura. Oksijeni ina chaji hasi, masikio yana chaji chanya. Kompyuta inapewa sheria za kuvutana na kusukumana, halafu inakokotoa nani anakwenda wapi, hatua kwa hatua. Hatua yenyewe usiombe! Kata sekunde moja vipande milioni, kila kipande ukikate tena vipande bilioni. Hicho kimoja ndicho hatua.

Na mchezo huu haukuanza jana. Mwaka 1971, huko Marekani, Aneesur Rahman na Frank Stillinger walianza na molekuli 216 tu.

Binamu akatia chumvi. Ikiyeyuka, ndoa inavunjika: sodiamu chanya huku, kloridi hasi kule. Kwa maji ya bahari, kila jozi ya chumvi ina molekuli za maji kama 90 hivi. Akaweka nguvu ya umeme, sodiamu zikaelekea upande mmoja, kloridi upande mwingine. Kumbe hao ndio wabebaji wa umeme! Maji safi kabisa hayana wabebaji wa kutosha.

Kuna kasheshe nyingine. Maji yenyewe hupooza mvutano wa chaji karibu mara 78 kwenye nyuzi 25, kwa sababu molekuli hugeuka geuka kuukabili. Ukiongeza chumvi, namba hiyo inashuka, maana maji yaliyoizunguka chumvi yameshikwa na hayana uhuru wa kugeuka. Yaani umeme unapita zaidi, lakini nguvu ya kupooza inapungua.

"Sasa hiyo kompyuta inapatia kweli?" nikamchokoza.

Akacheka. Modeli moja maarufu ya mwaka 1987, iitwayo SPC/E, inatoa takriban 71 badala ya 78. Nyingine, TIP3P, inavuka 90. Na chumvi ikipewa chaji yake kamili, mara nyingi sodiamu na kloridi zinang'ang'aniana kupita kiasi, umeme unapita kidogo kuliko unaopimwa maabara. Ndiyo maana mwaka 2019 watafiti wa Madrid walitoa modeli yenye chaji iliyopunguzwa hadi 0.85. Haijamaliza kila tatizo, ila chumvi inatembea vizuri zaidi.

"Na simu yangu?"

"Kaka, uliiwasha mara ngapi?"

Nikanywea. Alinieleza kwamba simu ikiwa imewaka, betri inasukuma umeme kwenye yale maji ya chumvi, kutoka njia moja ya bodi hadi nyingine, na madini ya bodi yanaliwa. Chumvi ilikuwa tayari kwa kazi. Aliyeipa umeme ni mimi, tena nikichekelea.

Basi wewe ikikutokea, zima papo hapo. Usiijaribu, usiichaji, ipeleke kwa fundi aisafishe chumvi kabla haijakauka. Na kama una sauti ya mtu umpendaye, leo hii, kabla hujafunua ukurasa mwingine, itolee nakala.

Mimi stori ya bibi naikumbuka yote. Ninachokosa ni kile kicheko chake mwishoni.

Tuonane wiki ijayo.