Miche ya konfinema: namna ya kuilinda wakati milango inafunguka



Leo siandike juu ya mbolea, wala juu ya kazi zenye tunatafuta bila kupata. Nataka kueleza jambo moja la nyumbani lenye wengi wenu, naamini, muliliona mwaka wa 2020. Wakati wa kufungiwa tulianza mambo mazuri: kusoma pamoja, kupanda mboga nyuma ya nyumba, kushona, kujifunza gitaa. Nchi ilipoanza kufunguliwa, mambo hayo yalikufa moja moja. Watu wanasema ni uvivu. Mimi nasema kuna sababu nyingine, na hiyo sababu niliikuta kwenye kitalu cha mboga.

Kwanza tukumbushane tarehe. Mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 katika nchi yetu alitangazwa tarehe 10 mwezi wa tatu 2020. Siku chache nyuma yake shule, vyuo na makanisa vikafungwa, kiisha tarehe 24 Rais akatangaza hali ya dharura. Hapa Lubumbashi tulipita pia katika zile siku 2 za kubaki ndani kabisa, mwezi huo huo wa tatu. Kufunguliwa kulipangwa kwa hatua 3: tarehe 22 mwezi wa saba biashara, restora, baa na usafiri, mwanzo wa mwezi wa munane masomo, tarehe 15 mwezi wa munane makanisa, mipaka na viwanja vya ndege. Shikeni hizo hatua 3 kichwani, tutazirudilia.

Sasa niwaonyeshe nyumba yetu. Tuko Katuba. Baba ni mwalimu wa hesabu katika shule ya binafsi, na shule ya binafsi ikifungwa, mushahara nao unafungwa, juu unatoka kwenye feza ya wazazi. Mama ana malewa yake ndogo, bukari na tomson, nayo ilifungwa. Dada yangu yuko wa sita sekondari, anangojea mutihani wa Serikali. Mudogo wetu wa mwisho ana miaka 10, yuko wa ine primeri. Mimi nina lisansi ya kilimo tangu miaka 3, na hiyo lisansi iko ndani ya bahasha, bahasha iko chini ya matela. Baba aliuza kiwanja ili nimalize masomo. Hajawahi kunisema juu ya hilo, lakini tangu mwaka wa pili wa kukosa kazi aliacha hata kuniuliza nimeenda wapi. Tulikuwa tunasalimiana tu, asubuhi na mangaribi.

Watu 5 ndani ya vyumba 3, miezi 4, feza hakuna. Munajua vile inakuwa.

Kusoma kulianza kwa sababu ya giza. Umeme ulikatika siku 3, telefone zikazima, unite nazo zilikuwa zimeisha. Baba akatoa katoni yake ya vitabu chini ya kitanda. Juu kabisa kulikuwa Carte postale ya Zamenga Batukezanga, kile kitabu cha 1974 chenye wazee wetu wengi walikisoma shuleni. Chetu hakina tena jalada. Baba akawasha mushumaa na kutoa sheria: kila mutu asome ukurasa mumoja kwa Kifaransa, kiisha aeleze kwa Kiswahili kile alichosikia. Mwenye kushindwa kueleza, arudilie.

Mimi, dada, mama, sote tulisoma. Zamu ya mutoto ilipofika, akaomba kwenda choo. Siku ya pili, choo tena. Siku ya tatu baba akamwambia: «Choo itakungoja. Soma.» Mutoto akaangalia ukurasa, akafungua kinywa, akatuletea maneno ya ukurasa wa jana, yale aliyoyasikia kwa dada yake. Aliyasema vizuri, kwa sauti ya shule. Lakini hayakuwa yale yenye kuandikwa pale.

Tukaelewa sote kwa mara moja. Miaka 4 ya shule, buletini zinapita, na mutoto hajue kusoma. Alikuwa anashika kwa masikio. Baba ni mwalimu zaidi ya miaka 20. Usiku ule hakula.

Nieleze kidogo juu ya hilo, maana labda ndani ya nyumba yenu yuko mwingine wa namna hiyo. Kusoma ni kazi 2 kwa pamoja: kugeuza herufi kuwa sauti, na kutambua neno lenye linatoka ndani ya ile sauti. Mutoto wetu nyumbani anasema Kiswahili tu. Akifaulu kusoma neno la Kifaransa kwa shida, kichwani hakuna kitu chenye kumujibu «ndiyo, ni hilo». Zaidi ya hapo, Kifaransa kina herufi mingi zenye kuandikwa bila kutamkwa. Kiswahili kinasomwa vile kinaandikwa: ba ni ba, ku ni ku. Njo maana tulirudi nyuma. Tukachukua kaye, mimi na dada tukaandika hadithi fupi za Kiswahili cha hapa kwetu, mistari 5 au 6: kuku ya jirani, mvua yenye iliingia ndani ya malewa, siku yenye baba alianguka na baiskeli. Kila siku dakika 20, saa moja ya mangaribi. Wiki ya kwanza alikuwa anajikwaa kila neno. Wiki ya tatu akacheka peke yake kabla ya kufika mwisho wa mustari wa baiskeli. Pale njo nilijua kama anasoma kweli: kicheko hakikaririwe.

Kiisha tarehe 22 mwezi wa saba ikafika. Tulifurahi, nisiwadanganye. Mama akafungua malewa na kuanza kurudi saa mbili ya usiku. Dada akaanza kwenda kujitayarisha na wenzake wa mutihani. Mimi nikashika njia ya mjini na bahasha yangu. Baba akaitwa kupanga marudio ya masomo ya wa sita. Saa moja ya mangaribi meza ilibaki na mutoto na kaye.

«Papa, leo hatusome?»
«Tutasoma kesho.»
«Jana pia ulisema kesho.»

Siku 9 zikapita. Siku ya kumi nilimupatia hadithi mupya. Alisoma neno la kwanza, akaniangalia uso, na kuanza kubahatisha yaliyobaki, sawa zamani. Wenzake wa wa sita walikuwa karibu kurudi shuleni, lakini yeye, wa ine, alikuwa bado na wiki mingi za kubaki nyumbani.

Hapa njo kitalu kinaingia. Wakati wa kufungiwa nilipanda pia shu ya shinwa nyuma ya nyumba. Kiangazi hapa kwetu ni wakati muzuri wa mboga, ikiwa una maji tu. Mbegu zilikaa kwenye kitalu chini ya kivuli cha majani makavu, nikinyweshea asubuhi na mangaribi. Mwanzo wa mwezi wa munane nilikuwa naondoa yale majani kidogo kidogo. Baba alikuja kusimama nyuma yangu. Akauliza: «Kama ni ya kutoa, juu ya nini hautoe yote leo?»

Lilikuwa ulizo la kwanza la kazi yangu kutoka kwake tangu miaka. Nikamueleza hivi. Muche wenye kukua kivulini una majani laini, ngozi yake ni nyembamba. Mizizi yake ni mifupi, maana maji yanakuja yenyewe, haina lazima ya kuyatafuta. Ukiutoa na kuuweka kwenye jua kali siku moja, majani yanapoteza maji mbio kuliko vile mizizi inaweza kuyavuta. Saa sita umelala chini, kesho umekauka. Mulimaji mupya anasema: mbegu mbaya. Hapana, mbegu ilikuwa nzuri. Njo maana, siku 7 mpaka 10 kabla ya kuhamisha, unazoesha miche. Unaondoa kivuli saa 2 siku ya kwanza, saa 4 kesho yake, mpaka siku nzima. Unapunguza maji bila kuyakata. Ngozi ya majani inakomaa, mizizi inashuka. Kiisha unahamisha mangaribi, si saa sita ya mchana, ili muche upate usiku muzima wa kujishika.

Baba akanyamaza. Kiisha akasema: «Ile ya kusoma, sisi tulitoa kivuli yote siku moja.»

Ni yeye aliyesema, si mimi. Na ni kweli. Kufungiwa kulikuwa kivuli: muda ulikuja wenyewe, watu walikuwa pale pale, hatukukuwa na lazima ya kuutafuta. Tabia yetu ilikuwa na majani mengi na mizizi mifupi. Angalieni, hata Serikali haikufungua kila kitu siku moja; ilipanga hatua 3. Sisi nyumbani tulifungua vyote saa kumi na moja ya asubuhi.

Basi tulifanya nini? Naandika kwa kifupi, muchague yenye kuwafaa.

Moja: punguzeni, musikate. Dakika 20 za kila siku zimekuwa dakika 10. Kwa mutoto mwenye anaanza kusoma, dakika 10 za kila siku zinafaa kuliko saa nzima ya siku ya Mungu.

Mbili: chagueni miche michache. Wakati wa kufungiwa kila mutu alianza mambo 5. Kitalu kikiwa na miche ya kupita nafasi, unang'oa ili ile mingine ipate hewa. Sisi tumebakiza 2, kusoma na mboga. Gitaa ya dada itangoja mutihani upite.

Tatu: saa isihame, hata mutu akihama. Saa moja ya mangaribi ni ya kaye. Baba akichelewa, ni mimi. Nikichelewa, ni dada. Mama akikosa, mutoto anamufuata kule malewa na kusoma karibu na sufuria.

Ine: mukipanda mboga katika muji huu wa shaba, muangalie udongo. Karibu na viwanda vya zamani na njia za malori ya madini, vumbi ina shaba, kobalti na hata risasi, na metali hizo zinaingia ndani ya majani. Musichote udongo pale. Chukueni mifuko ya unga ya kilo 25, mujaze udongo wa mbali na viwanda pamoja na mbolea ya majani yaliyooza, na muoshe mboga vizuri kabla ya kupika. Chokaa ya kilimo kidogo inasaidia pia, juu udongo wenye ukali mwingi unaachilia metali upesi zaidi.

Tano: mupate vitabu vipya, la sivyo meza itachoka. Najua, kitabu kipya kina bei ya mufuko wa unga. Lakini mjini kuna mediateke ya Institut Français kwenye Halle de l'Étoile, kuna wale ba papa wenye kutandika vitabu vya zamani chini, na kuna ninyi wenyewe: wahitimu 10, kila mutu na vitabu 3, tayari ni maktaba ya vitabu 30. Mimi nangojea La Danse du Vilain ya Fiston Mwanza Mujila, iliyotoka mwaka wa 2020 kule Paris kwa Métailié. Yeye ni mutoto wa hapa, alizaliwa Lubumbashi 1981, sasa anakaa Graz kule Austria. Tram 83 yake ya 2014 ilipata zawadi ya Etisalat. Hiki cha 2020 kinatembea kati ya Lubumbashi yetu na machimbo ya almasi ya Angola, mwisho wa siku za Zaire. Si cha watoto, lakini kwa sisi wakubwa, kuona muji wetu ndani ya kitabu ni kitu. Mwenye atakipata wa kwanza, anikumbuke.

Sitasema kama mambo yote yamekaa sawa. Mushahara wa baba bado haujarudi wote, na bahasha yangu imerudi kutoka mjini sawa vile ilienda. Siku zingine hata zile dakika 10 zinakosa. Lakini shu nilizozoesha zimeshika karibu zote, mama anazipika kwenye malewa, na baba ameniomba kitalu cha pili, nyanya, kabla ya mvua.

Juma liliyopita mutoto alikuwa kule na mama. Muteja mumoja alikula, akajipangusa, akasema atalipa mwisho wa mwezi. Mutoto akainuka, akaweka kidole kwenye kibao chenye dada aliandika kwa choko, akasoma polepole, silabi kwa silabi:

«Le-o de-ni ha-pa-na.»

Muteja akalipa.