Vuli ya Mabanga: kwa nini kanisa huanza Septemba (Sehemu ya pili)

Juma lililopita tuliufuata mwaka wa kanisa kama ulivyopangwa katika liturujia, unaofunguliwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Lakini muulize mama yeyote wa Mabanga, kartie yetu ya Goma, mwaka wa kanisa unaanza lini. Hatataja Majilio. Atakwambia Septemba, watoto wakirudi masomo. Naye hajakosea, maana mwaka wa kichungaji, yaani wa kazi za parokia, hufuata njia yake.

Tuanze na neno. Kamusi zetu huyaita majira ya Ulaya ya kupukutika majani "vuli". Kwa watu wa pwani, vuli ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, na hakuna mti unaovua nguo. Goma nayo iko kusini kidogo mwa ikweta, kwa hiyo kwa hesabu ya wanajimu Septemba yetu ingekuwa mwanzo wa machipuko! Wamisionari walioleta desturi ya kufungua kazi za parokia baada ya likizo walileta vuli isiyo na majani ya kuanguka. Ilichokuta hapa ni mvua. Katikati ya Septemba kiangazi kinakwisha, mapipa yanapangwa chini ya mabati, na mwenye shamba huko Rutshuru au Masisi anatafuta mbegu ya maharage, kama njia inapitika. Vuli ya kigeni ikaangukia juu ya vuli ya kweli.

Kilichoifunga desturi hiyo ni shule. Wabelgiji waliiacha elimu kwa sehemu kubwa mikononi mwa misheni, na kalenda ikawa ya kwao: Septemba kuanza, Julai kufunga. Kenya na Tanzania hufungua shule Januari, ndiyo maana mwanakwaya wa Moshi au Kisumu hushangaa akisikia tunaita Septemba mwanzo. Mwaka 1974 Mobutu alizitwaa shule za makanisa. Haikuchukua muda mrefu serikali ikaona mzigo ni mzito, na tarehe 26 Februari 1977 ikatia saini mkataba wa kuwarudishia uendeshaji Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Mpaka leo tunazo shule za mkataba. Kwa mtu wa Mabanga jambo hilo si la vitabuni: shule na kanisa mara nyingi hukaa ua mmoja, na darasa la hesabu la Ijumaa huweza kuwa darasa la katekisimu Jumamosi, ubao ukiwa bado haujafutwa.

Misa ya ufunguzi ina uzuri wake, na kwaya huvaa sare. Mimi lakini naona ufunguzi wenyewe hufanyika kabla ya hapo, katika shirika. Maaskofu wa Kongo waliamua mwaka 1961 kwamba kanisa lijengwe juu ya jumuiya hai za msingi. Wenzao wa Afrika Mashariki walifika kwenye uamuzi huo katika miaka ya 1970, na Tanzania wakaziita jumuiya ndogondogo. Sisi tunasema shirika: majirani wa avenyu moja wanaokutana kwenye ua uliozungushiwa mawe ya volkano. (Kwa Kilingala, mabanga ni mawe. Sijui kartie nyingine ambayo jina lingeikaa vizuri hivyo.)

Septemba shirika hufungua daftari, na hapo ndipo kazi ilipo. Nani amehama? Nani amerudi? Mtoto yupi amefikia umri wa komunyo ya kwanza, na mjane yupi hajalipa nyumba? Katika mji huu daftari la mwaka jana huzeeka haraka. Lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilikula hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu; ile ya tarehe 22 Mei 2021 ikawatoa watu majumbani tena. Mwisho wa Januari 2025 waasi wa M23 wakaingia Goma, kisha benki zikafungwa na kambi za waliokimbia vita zikavunjwa. Katibu wa shirika anapofuta jina na kuandika lingine, anaandika historia ya mji bila kujua.

Vyama hufuata baada ya hapo. Watoto huingia Kizito-Anuarite, jina linalounganisha kijana aliyechomwa moto Namugongo mwaka 1886 na mtawa aliyeuawa Isiro mwaka 1964. Wakubwa kidogo wana Xaveri. Kwaya hupambana na mvua juu ya mabati, na sauti ya nne haijawahi kushinda. Ila Septemba 2025 ilikuwa na jambo jipya: ulikuwa ufunguzi wa kwanza tangu Floribert Bwana Chui atangazwe mwenyeheri huko Roma, tarehe 15 Juni. Alizaliwa Goma, akafanya kazi katika ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, akakataa hongo ili chakula kilichoharibika kisipite mpakani. Aliuawa Julai 2007, akiwa na miaka 26. Katekista anayefundisha amri ya saba sasa ana mfano wa kijana aliyepita barabara hizi hizi.

Juma lijalo tutaingia darasani kwa katekumeni, tuone kwa nini maandalizi ya ubatizo wa mtu mzima huchukua muda mrefu kuliko wengi wanavyotarajia.