Injini ya gari la zamani inamisi? Kagua haya kabla ya kununua vipuri

JUBA – Kwa familia nyingi za wakimbizi na wenyeji mjini Juba, Probox au Noah iliyotumika ndiyo tegemeo la nyumba. Mchana hubeba abiria na mizigo ya soko la Konyo Konyo; usiku jirani akiugua, ndiyo hugongewa mlango. Injini ikianza kutetemeka, kukosa nguvu au kuzima njiani, kipato husimama siku hiyo hiyo. Kununua vipuri kwa kubahatisha kunaweza kugharimu kuliko ubovu wenyewe.

Injini ya petroli huhitaji mafuta safi, hewa ya kutosha, moto wa plagi kwa wakati wake, na kompresheni ndani ya silinda. Kimoja kikipungua, injini inamisi. Kazi ya fundi ni kujua ni kipi. Kazi yako ni kumpa maelezo sahihi.

Tatizo hutokea lini?

- Mara baada ya kujaza mafuta: shuku mafuta kwanza.
- Gari likipanda mlima au likiwa na mzigo: huenda mafuta hayafiki ya kutosha. Angalia filta ya mafuta na pampu.
- Likiwa limesimama tu, halishiki silensa: huenda mpira wa hewa umepasuka au njia ya hewa imejaa uchafu. Sikiliza kama kuna sauti ya kufyonza hewa.
- Likipata moto linazima, likipoa linawaka: koili, sensa ya kranki au pampu ya mafuta huweza kushindwa kwa joto.
- Wakati wote: plagi, koili au kompresheni.

Mafuta na vumbi

Sudan Kusini huchimba mafuta ghafi, lakini petroli tunayotumia huagizwa kutoka nje, nyingi ikipitia bandari ya Mombasa na Uganda. Hadi kufika kwenye chupa ya kando ya barabara, imepita mikono mingi, na maji au uchafu unaweza kuingia. Weka kidogo kwenye chupa safi ya kioo, mbali na jiko na sigara, uiache itulie nusu saa. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hujitenga chini. Kipimo hiki hakionyeshi mafuta ya taa yaliyochanganywa. Usiendeshe tangi likikaribia kuisha: petroli ndiyo huipoza pampu iliyo ndani yake.

Wakati wa kiangazi, kuanzia Desemba hadi Machi, vumbi huziba filta ya hewa haraka. Itoe uishike kwenye mwanga. Ikiwa mwanga haupiti, badilisha. Usiendeshe bila filta, kwani vumbi hula silinda.

Moshi unasema nini?

Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Wa bluu, injini inaunguza oili. Mweupe, mzito na usiokoma, huku maji ya rejeta yakipungua, ni dalili ya gasketi ya silinda hedi kuungua. Simamisha gari, usiendelee na safari.

Kipimo kisicho na gharama

Probox nyingi za petroli zina koili nne, moja kwa kila plagi. Fundi akishajua silinda inayomisi, mwombe azime injini, ahamishe koili yake kwenye silinda ya pili, kisha awashe. Tatizo likihama pamoja na koili, koili ndiyo mbovu, na unahitaji kununua moja tu. Lisipohama, aangalie plagi, kisha nozeli na kompresheni. Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu inafanya kazi vizuri. Ikiwa nyeusi na kavu, mafuta ni mengi. Ikiwa imelowa oili, injini imechakaa ndani.

Usihatarishe maisha

- Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto.
- Taa ya oili ikiwaka njiani, zima injini mara moja.
- Usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake huua bila mtu kujua.
- Gari linalozimazima lisianze safari ya Nimule, kilomita 190 hivi, wala safari ya jioni. Kukwama njiani na abiria ni hatari kuliko kupoteza siku moja ya kazi.

Ukifika gereji

Kubalianeni bei ya kupima kabla ya bei ya kutengeneza. Mweleze fundi tatizo lilianza lini, mlijaza mafuta wapi na nini kilibadilishwa karibuni. Akisema kipuri kimekufa, muulize amekipimaje. Badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha jaribuni gari. Dai kipuri cha zamani urudi nacho, na uandike tarehe na bei kwenye daftari. Tatizo likirudi, daftari hilo litamwonyesha fundi kilichokwisha kubadilishwa, usilipie kitu kimoja mara mbili.