Mkanda wa taimingi: Kipuri cha mpira kinachoweza kuua injini

Na Mwandishi Wetu, Bagamoyo

WAMILIKI wengi wa magari ya zamani hubadilisha oili kwa wakati, hununua matairi yanapokwisha na hukagua breki kabla ya safari. Kipo, hata hivyo, kipuri kimoja cha mpira, kilichofichwa nyuma ya kifuniko mbele ya injini, ambacho hukumbukwa siku kinapokatika. Mara nyingi siku hiyo injini nayo huwa imekwisha kuharibika.

Kipuri hicho ni mkanda wa taimingi. Tofauti na feni belti, ambayo huonekana mara boneti inapofunguliwa na hupiga kelele inapolegea, mkanda wa taimingi hauonekani na kwa kawaida hautoi dalili yoyote kabla ya kukatika. Ulinzi pekee wa mwenye gari ni kuhesabu kilomita na kuubadilisha kabla ya muda wake kwisha.

Kwa wakazi wa pwani ya kaskazini ya Dar es Salaam hesabu hiyo ni ya karibu kuliko wengi wanavyodhani. Kutoka Bagamoyo hadi jijini, kupitia Zinga, Kerege, Mapinga, Bunju na Tegeta, ni takriban kilomita 70. Gari linalokwenda na kurudi mara moja kwa siku, siku sita kwa wiki, hutembea takriban kilomita 840 kila wiki. Kilomita 100,000, ambazo ndizo ukomo wa mikanda mingi ya Toyota za zamani, hutimia ndani ya miaka miwili na miezi mitatu hivi. Daladala inayokwenda na kurudi mara mbili kwa siku hufikia ukomo huo katika mwaka mmoja na miezi miwili.

Aidha, kukatika kwa mkanda hakuchagui mahali. Barabara ya lami ya kilomita 64 kutoka Makofia hadi Msata huwapitisha wasafiri katika bonde la Mto Ruvu, ambako kuna masafa marefu yasiyo na makazi wala fundi. Gari lililozimika huko usiku ni hatari kwa waliomo na kwa wanaokuja nyuma yake.

Kazi ya mkanda

Ndani ya injini kuna mihimili miwili inayopaswa kuzunguka kwa mpango mmoja. Wa chini, yaani krenkishafti, huzungushwa na pistoni. Wa juu, yaani kamshafti, hufungua na kufunga valvu zinazoingiza hewa na kutoa moshi. Mkanda wenye meno huiunganisha mihimili hiyo ili kila valvu ifunguke na kufungwa kwa wakati wake.

Kila krenkishafti inapozunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja. Injini inapokimbia mizunguko 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 1,500 kwa dakika hiyo, sawa na mara 25 kwa sekunde. Katika injini nyingi za dizeli za Toyota, mkanda huohuo huzungusha pia pampu ya dizeli, kwa hiyo wakati wa kunyunyiza mafuta nao huutegemea.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na cheni au gia za chuma. Gari la kwanza kuundwa kwa wingi likiwa na mkanda wenye meno lilikuwa Glas 1004 la Ujerumani Magharibi, mwaka 1962. Mkanda ulipendwa kwa kuwa ni mwepesi, hauna kelele na hauhitaji oili. Bei ya faida hizo ni kwamba una umri. Mpira huchoka kwa joto na kwa miaka, na huharibika upesi zaidi ukidondokewa na oili kutoka kwenye sili iliyochakaa.

Gari lipi linao

Si kila gari lina mkanda huo. Haisi na Hilux za dizeli zenye injini za 2L, 3L na 5L zinao. Coaster na Land Cruiser zenye injini ya 1HZ zinao pia, kama ilivyo kwa Noah na RAV4 za miaka ya 1990 zenye injini ya petroli ya 3S-FE. Kwa upande mwingine, Vitz, IST na Spacio zenye injini ya 1NZ-FE, pamoja na Noah za kizazi kilichoanza mwaka 2001, hutumia cheni, ambayo haina ratiba ya kubadilishwa kama mkanda.

Tofauti nyingine muhimu ni yale yanayotokea mkanda unapokatika. Katika injini ya 3S-FE, pistoni haifiki mahali valvu inapoishia, hivyo gari husimama tu, na mkanda mpya ukifungwa huweza kuendelea na safari. Katika injini za dizeli zilizotajwa hapo juu, nafasi hiyo haipo. Pistoni hupanda na kuzigonga valvu zilizobaki wazi. Valvu hupinda, na silinda hedi hulazimika kufunguliwa. Herufi moja ikibadilika katika jina la injini, jibu laweza kuwa jingine, hivyo ni vyema kusoma namba iliyoandikwa kwenye injini yenyewe badala ya kutegemea jina la gari.

Gari likizimika ghafla na stata ikazunguka kwa wepesi usio wa kawaida bila injini kushika, dereva aache mara moja kujaribu kuliwasha. Kosa linalofanywa sana ni kuwaita vijana walisukume. Kila mzunguko wa nyongeza huzidisha madhara. Kinachotakiwa ni kufungua kifuniko cha juu cha mkanda na kutazama kama upo mzima, kisha kulivuta gari hadi kwa fundi.

Taa ya dashibodi na mita

Toyota nyingi za dizeli zina taa yenye maandishi T-BELT kwenye dashibodi, ambayo huwaka kila kilomita 100,000. Taa hiyo haiuoni mkanda. Inachofanya ni kuhesabu kilomita tu, na mtu anaweza kuizima bila kubadilisha chochote. Vilevile mita ya gari la mtumba huweza kuwa imerudishwa nyuma kabla gari halijauzwa.

Kwa sababu hiyo, anayenunua gari lililokwishatumika, bila ushahidi wa maandishi kwamba mkanda ulibadilishwa, afanye kana kwamba haujawahi kubadilishwa. Hali ni hiyo hiyo kwa anayenunua injini ya mtumba. Wakati injini bado iko chini, kabla ya kufungwa kwenye gari, kazi hiyo ni rahisi kuliko itakavyokuwa wakati mwingine wowote.

Kuifanya nyumbani

Mwenye gari aliyezoea spana anaweza kuifanya kazi hii nyumbani kwa injini nyepesi kufikika kama ya Haisi au Hilux, akiwa na kitabu cha injini husika na siku nzima isiyo na haraka. Injini zenye kamshafti mbili au zilizobanana ndani ya boneti zinafaa kuachiwa fundi mwenye uzoefu nazo.

Jambo la kwanza ni mahali. Uwanja wa mchanga, ambao ni wa kawaida katika nyumba nyingi za pwani, humeza jeki. Gari lisimamishwe kwenye sakafu ya saruji, au jeki na stendi ziwekwe juu ya ubao mpana, na kamwe mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Injini iwe imepoa, na waya hasi wa betri ufunguliwe.

Baada ya kuondoa feni, feni belti na vifuniko, krenkishafti huzungushwa kwa spana, kwa upande uleule injini inaouzungukia, mpaka alama za puli zote zilingane na alama za kwenye injini. Katika dizeli za 2L, 3L na 5L alama hizo ziko sehemu tatu: kamshafti, pampu ya dizeli na krenkishafti. Ni busara kuzipiga picha kwa simu au kuzipaka rangi nyeupe kabla ya kulegeza chochote.

Bolti ya puli ya krenkishafti huwa imekazwa mno. Wapo wanaoilegeza kwa kutega spana kwenye chasisi na kupiga stata. Njia hiyo imezoeleka katika gereji bubu, lakini spana ikichomoka huweza kuvunja mkono au kutoboa rejeta. Njia salama ni kuishika puli kwa kifaa chake na kutumia mpini mrefu.

Mkanda ukishatoka, krenkishafti na kamshafti zisizungushwe ovyo, kwa kuwa valvu na pistoni sasa hazina kinachozipangia zamu. Huu pia ndio wakati wa kubadilisha beringi ya kukaza mkanda na sili zinazovuja. Beringi ikikwama baadaye, mkanda mpya hukatika kama wa zamani. Katika injini ya 3S-FE, pampu ya maji nayo huzungushwa na mkanda huu, hivyo hukaguliwa papo hapo.

Mkanda mpya usikunjwe kwa nguvu, usiguswe kwa mikono yenye oili wala usiingizwe kwa kuchokonolewa na bisibisi. Ukazaji uachiwe springi ya beringi, kama ilivyokusudiwa na watengenezaji. Mkanda uliokazwa mno huua beringi, na uliolegea huruka meno.

Mizunguko miwili kwa mkono

Hatua inayofuata ndiyo inayotenganisha kazi salama na hasara. Kabla ya kugusa ufunguo, krenkishafti izungushwe kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili. Miwili kwa sababu ndiyo inayoirudisha kamshafti mahali ilipoanzia. Alama zote zikikutana tena, mkanda umekaa sawa. Zikipishana hata kwa jino moja, kazi irudiwe.

Ikiwa katikati ya mizunguko hiyo spana inagoma, isilazimishwe. Huenda pistoni imegusa valvu. Mkono utalihisi jambo hilo na kusimama bila madhara, ilhali stata haihisi kitu na itapinda valvu kwa nukta moja. Kosa la jino moja laweza kuonekana baadaye kwa gari kuwaka kwa shida, kutoa moshi au kukosa nguvu mlimani.

Hata anayempelekea fundi gari lake ana haki ya kusimama na kuitazama hatua hii. Fundi anayefunga vifuniko vyote na kupiga stata bila kuzungusha kwa mkono anabahatisha kwa mali ya mwenzake.

Vipuri bandia

Maduka ya vipuri ya Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam huuza mikanda ya aina nyingi, na kisanduku chenye jina maarufu si uthibitisho wa kilichomo. Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kupambana na bidhaa bandia nchini, kwa kutumia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Mnunuzi hujilinda kwa kudai risiti, kulinganisha idadi ya meno na upana na mkanda wa zamani, na kukataa mkanda wenye nyufa au maandishi yanayofutika kwa kidole. Mkanda wa mtumba haufai kununuliwa kwa bei yoyote, kwa kuwa hakuna ajuaye umebakiza kilomita ngapi.

Kazi ikikamilika, tarehe na kilomita ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa chini ya boneti, na nakala iwekwe nyumbani. Maandishi hayo yatamfaa mwenye gari, dereva wake na hata atakayelinunua baadaye, kwa kuwa ndiyo dalili pekee ya mkanda huo inayoweza kuonekana kabla haujakatika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika injini ya dizeli ukuta huo ni silinda hedi nzima.